Mbolea ya Majani Chai na Viwanda vya Kemikali: Maswali Manne Kabla ya Kuweka Jiwe la Msingi

Mada iliyotolewa kwa wakulima wa majani chai, viongozi wa vyama vya ushirika na vijana wa vyuo vya ufundi katika kaunti za Kericho na Bomet

 

Kila mkulima anayepeleka majani katika kituo cha kununulia, awe wa Litein, Kapkatet, Mogogosiek au Kapkoros, anaijua safu moja katika karatasi yake ya malipo: makato ya mbolea. Mbolea hiyo, NPK 26:5:5, huagizwa kwa pamoja kupitia KTDA, hushushwa katika bandari ya Mombasa na kusafirishwa hadi kiwandani. Mkulima huichukua kwa mkopo, kisha deni hulipwa kutokana na majani anayochuma.

Mwaka 2022, vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza, mfuko wa kilo 50 wa mbolea ulipita shilingi 6,000 madukani nchini Kenya. Serikali ililazimika kuweka ruzuku: shilingi 3,500 kwa mfuko mwezi Septemba mwaka huo, kisha shilingi 2,500 mwaka 2023. Mkulima wa Konoin au Bureti hakuwa na neno lolote katika vita hivyo, lakini gharama yake ilifika shambani kwake. Nao wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa tayari wanalalamika kwamba kwa miaka kadhaa sasa bonasi yao imekuwa chini ya ile ya wenzao wa mashariki. Bonasi ikiwa ndogo, kila shilingi ya mbolea huuma zaidi.

Ndiyo maana swali huulizwa katika kila baraza: kwa nini mbolea hii isitengenezwe hapa? Kwa nini nchi inayouza zaidi ya kilo milioni 500 za chai kwa mwaka inunue ng'ambo karibu kila kemikali inayoiotesha? Ni swali zuri. Lakini historia ya Kenya yenyewe inaonyesha kwamba kiwanda cha kemikali kinaweza kuwa baraka au kuwa deni la wajukuu. Tofauti huonekana kabla jiwe la msingi halijawekwa.

Kilicho ndani ya mfuko

Mfuko wa kilo 50 wa NPK 26:5:5 una kilo 13 za nitrojeni, kilo 2.5 za fosfeti na kilo 2.5 za potashi. Nitrojeni ndiyo kubwa kwa sababu mkulima wa chai huuza majani, na majani ndiyo yanayobeba nitrojeni. Tani moja ya majani mabichi hutoa kilo 220 hivi za chai kavu, na karibu asilimia 4 ya chai hiyo ni nitrojeni. Maana yake ni kwamba kila tani inayopimwa kituoni huondoka shambani na takribani kilo 9 za nitrojeni. Isiporudishwa, mchai hupungua nguvu mwaka hadi mwaka. Matawi yanayokatwa wakati wa kupogoa yakiachwa shambani hurudisha sehemu ya chakula hicho, lakini hayatoshi.

Vitu hivyo vitatu havitoki mahali pamoja. Potashi huchimbwa, na wauzaji wakubwa ni Kanada, Urusi na Belarusi, Kenya haichimbi. Fosfeti hutokana na mawe, na mawe hayo yako karibu: Minjingu nchini Tanzania, na vilima vya Sukulu karibu na Tororo, ng'ambo kidogo ya mpaka wa Malaba. Nitrojeni iko hewani kila mahali, lakini kuitoa huko kunahitaji nishati nyingi. Wajerumani Fritz Haber na Carl Bosch ndio walioonyesha njia, na kiwanda cha kwanza kilianza kazi mjini Oppau mwaka 1913. Hadi leo viwanda vingi vya amonia duniani hutumia gesi asilia au makaa ya mawe.

Anayeahidi kiwanda cha mbolea, basi, ni lazima aseme ni kipi kati ya hivi vitatu atakachotengeneza, na kwa malighafi gani.

Deni lisilo na mbolea

Katika miaka ya 1970 Kenya iliwahi kuahidiwa kiwanda kikubwa cha mbolea mjini Mombasa. Kampuni iliitwa Ken-Ren Chemicals and Fertilizers, ubia kati ya serikali na kampuni ya kigeni ya N-Ren. Mikopo ilichukuliwa katika mabenki ya Ulaya, na serikali ikaidhamini. Kiwanda hicho hakikutoa hata mfuko mmoja wa mbolea. Mwaka 1994 kesi iliyohusu kampuni hiyo ilikuwa bado inasikizwa katika Bunge la Mabwana nchini Uingereza, na mlipa kodi wa Kenya aliendelea kulipa deni hilo hata baada ya mwaka 2000. Mtoto aliyezaliwa mradi ulipotiwa saini alikua, akaajiriwa na kukatwa kodi kulipia kiwanda ambacho hakikujengwa.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Bei ya mafuta ilipopanda baada ya mwaka 1973, Kenya ilitaka kutengeneza spiriti kutokana na molasi ya viwanda vya sukari, ili ichanganywe na petroli. Miradi miwili ilianzishwa. Mmoja, wa Kisumu, ulikuwa mkubwa mno: utoe spiriti, asidi ya sitriki, hamira na vitu vingine kwa pamoja. Gharama ilipanda mara kadhaa, kazi ikasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, na majengo yakakaa bila kazi kwa miaka mingi. Mwingine, Agro-Chemical and Food Company, ulioandikishwa mwaka 1978, ulijengwa Muhoroni, kilomita chache kutoka mpaka wa Kericho. Huu ulikuwa mdogo zaidi, ukawekwa kando ya kiwanda cha sukari, na bidhaa zake zilikuwa chache: spiriti na hamira. Ulianza kazi, na kati ya mwaka 1983 na 1993 spiriti ilichanganywa na petroli nchini.

Malighafi ilikuwa ile ile na nchi ilikuwa ile ile. Tofauti ilikuwa ukubwa wa mradi, idadi ya bidhaa na umbali wa malighafi. Hata Muhoroni hakukuwa na raha kila siku, kwa maana viwanda vya sukari vikilegea, molasi huadimika na mitambo husimama. Kiwanda cha kemikali hakiwezi kuwa na afya kuliko shamba linalokilisha.

Mfano wa tatu wanaujua vizuri wazee wa sehemu za baridi za kaunti hizi, waliolima pareto. Kwa miongo kadhaa Kenya iliongoza ulimwengu kwa pareto. Maua yalikaushwa na wakulima, yakapelekwa Nakuru, na huko ikakamuliwa dawa ya kuua wadudu iliyouzwa hadi ng'ambo. Hicho kilikuwa kiwanda halisi cha kemikali, chenye malighafi ya nyumbani na soko la dunia. Kilichokiangusha ni malipo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 wakulima walikaa bila kulipwa kwa muda mrefu, wakang'oa pareto, na Tasmania ya Australia ikachukua nafasi ya Kenya sokoni. Sheria ya Pareto ya mwaka 2013 ilifungua milango kwa wawekezaji wengine, lakini imani ya mkulima aliyeng'oa shamba hairudi kwa sheria peke yake.

Maswali manne

Kutokana na mifano hii mitatu, kuna maswali manne ambayo mkulima, mwakilishi wa wadi na afisa wa kaunti wanapaswa kumuuliza mwekezaji yeyote.

La kwanza: malighafi inatoka wapi, na mwenye malighafi atalipwa lini? Pareto ilikufa kwa swali hili.

La pili: nani atanunua, na ameandika wapi kwamba atanunua? Hapa nchi ya majani chai ina nguvu ambayo sehemu nyingi za Afrika hazina. Zaidi ya wakulima 600,000 walio chini ya KTDA hununua mbolea ya aina moja, kwa wakati mmoja, kupitia agizo moja, na malipo hukatwa kwenye majani. Mwenye kiwanda hatafuti wateja mmoja mmoja wala kuhofia madeni mabaya. Mkataba wa miaka kadhaa wa kununua mbolea yenye ubora uliopimwa, kwa bei isiyopita ile ya bandarini pamoja na usafiri, una thamani kuliko kiwanja cha bure.

La tatu: nishati ni shilingi ngapi? Amonia inaweza kutengenezwa bila gesi asilia. Umeme hutenganisha maji, ikapatikana haidrojeni, nayo huunganishwa na nitrojeni ya hewani. Kwa njia hii tani moja ya amonia hula takribani yuniti 10,000 za umeme, na tani hiyo ina kilo 820 hivi za nitrojeni. Kilo 13 zilizo katika mfuko mmoja wa mbolea ya chai zinahitaji, basi, yuniti kama 160. Umeme ukiwa shilingi 15 kwa yuniti, hizo ni shilingi 2,400, kabla ya kulipia mitambo, mishahara, fosfeti, potashi na usafiri. Umeme ukiwa shilingi 5, ni shilingi 800. Hesabu hii inaonyesha kwa nini mazungumzo ya amonia nchini Kenya huelekea Olkaria, ambako mvuke wa ardhini umekuwa ukizalisha umeme tangu mwaka 1981. Inaonyesha pia kwamba bila umeme wa bei nafuu, amonia ya Kenya itamgharimu mkulima kuliko ile inayotoka melini.

La nne: nani ataitengeneza mitambo ikiharibika? Kiwanda kinachosubiri fundi kutoka ng'ambo kila pampu inapopasuka hakidumu.

Kupanda ngazi kwa ngazi

Mtu akiyajibu maswali haya kwa ukweli, ataona kwamba njia ya Kericho na Bomet haianzi na kiwanda kikubwa cha amonia. Inaanza chini na kupanda.

Ngazi ya kwanza ni kupima. Kericho ina kituo cha utafiti wa majani chai kilichoanzishwa mwaka 1951, na wataalamu wake wanajua udongo wa chai kuliko mwekezaji yeyote. Mwaka 2024 wakulima wa sehemu mbalimbali nchini waliuziwa mifuko iliyobandikwa jina la mbolea ya ruzuku lakini ikakosa virutubisho vilivyoandikwa. Maabara ya kupima udongo na mbolea, yenye majibu yanayomfikia mkulima kabla ya msimu, ni kiwanda cha kwanza cha kemikali ambacho kaunti inaweza kukimudu. Bila maabara, hata kiwanda cha nyumbani kinaweza kuuza mchanga.

Ngazi ya pili ni kuchanganya na kusaga. Nakuru na Eldoret tayari zina viwanda vya kuchanganya mbolea. Kile cha Toyota Tsusho karibu na Eldoret kilifunguliwa mwaka 2016. Kuchanganya hakuondoi utegemezi wa ng'ambo kwa sababu viungo bado huagizwa, lakini huleta ajira, hupunguza gharama ya mifuko na humpa mkulima mchanganyiko unaofaa udongo wake. Koru nako, jirani wa Kericho, husagwa chokaa ya kilimo. Hapa tahadhari inahitajika: mchai hupenda udongo wenye asidi, na chokaa haimwagwi katika chai bila ushauri wa maabara. Faida yake kubwa iko katika mashamba ya mahindi na malisho, ambako asidi nyingi huzuia mbolea kufanya kazi.

Ngazi ya tatu ni kutumia kinachotupwa. Kericho tayari inajua kazi ya kukamua chai, kwa maana kiwanda cha Saosa hutengeneza kiini cha chai kwa ajili ya vinywaji. Nyuzi na vumbi vinavyobaki katika viwanda vya chai bado vina kafeini, na India huikamua kafeini kutokana na mabaki kama hayo. Kukamua huhitaji viyeyusho, na kimojawapo hutengenezwa kutokana na spiriti ya aina inayotoka Muhoroni. Hivyo ndivyo viwanda vya kemikali huzaana: uchafu wa kimoja huwa chakula cha kingine.

Ngazi ya nne ni asidi na fosfeti. Thika imekuwa na kiwanda cha asidi ya salfuriki kwa miaka mingi. Tororo, katika miaka ya 1960 na 1970, ilitengeneza mbolea ya superfosfeti kutokana na mawe yake. Soko la Afrika Mashariki likifanya kazi ipasavyo, mkulima wa Sotik hana sababu ya kungoja fosfeti ivuke bahari.

Ngazi ya tano ndiyo amonia. Hata hapa kuna njia ya kuanza kidogo. Kampuni ya Kenya Nut imewekewa mtambo unaotumia nguvu ya jua kutengeneza amonia, kiasi cha tani moja kwa siku. Mtambo wa kiasi hicho ukifanya kazi kila siku ya mwaka ungetoa nitrojeni ya mifuko 23,000 hivi ya mbolea ya chai. Hautoshi kaunti nzima, lakini unatosha kufundisha vijana kazi.

China ilipita njia inayofanana na hii. Kuanzia mwaka 1958 mwanakemia Hou Debang na wenzake walibuni viwanda vidogo vya mbolea ya amonium bikaboneti vilivyoweza kuendeshwa na wilaya, kwa makaa ya mawe. Katika miaka ya 1970 zaidi ya nusu ya nitrojeni ya China ilitoka katika viwanda hivyo vidogo. Ndipo, kuanzia mwaka 1973, nchi ikanunua viwanda 13 vikubwa vya kisasa, na ikawapata watu wake tayari wakijua kazi. Viwanda vidogo vilikuwa na kasoro: vilichafua hewa na maji, vilipoteza makaa, na vingi vilifungwa baadaye. Lakini vilifundisha maelfu ya mafundi, na elimu hiyo haikufungwa pamoja navyo.

Kazi ya kaunti na kazi ya mkulima

Katiba imewapa magavana na mabunge ya kaunti kazi ya kilimo, biashara na vyuo vya ufundi vya vijijini. Imewawekea pia kizuizi chenye hekima: kwa mujibu wa kifungu cha 212, kaunti haiwezi kukopa bila idhini ya bunge lake na dhamana ya serikali ya kitaifa. Anayekumbuka Ken-Ren hatalalamikia kifungu hicho. Fedha ya umma ijenge vitu ambavyo hata mwekezaji akiondoka vitabaki: maabara, barabara, maji, umeme, na mafunzo. Mpango wa maeneo ya viwanda ya kaunti, ambamo serikali ya kitaifa na ya kaunti kila moja huchangia shilingi milioni 250, unafaa kwa kazi hiyo. Hatari ya biashara aibebe mwenye biashara.

Vijana nao wana nafasi. Kila kiwanda cha chai tayari kina boila, mitambo ya kukausha na mafundi wa umeme. Chuo Kikuu cha Kabianga kipo Kericho, na vyuo vya ufundi vipo katika kaunti zote mbili. Kijana anayejua kutunza boila ya Tegat au Tirgaga yuko nusu ya njia kuelekea kutunza mtambo wa kukamua kafeini.

Mkulima, kwa upande wake, ndiye mwenye soko. Wakurugenzi anaowachagua ndio wanaoketi meza ya mkataba. Awaulize bei iliandikwa vipi, nani alipima ubora, na nini kitatokea mbolea ikichelewa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo la mwisho ni maji. Itare na Kipsonoi huteremka kutoka Mau hadi mto Sondu na Ziwa Viktoria. Nyangores hupita Bomet na kuingia mto Mara. Asidi au mabaki ya viyeyusho yakimwagwa Kericho hunywewa na mtu wa Nyakach, na yakimwagwa Bomet hufika kwa ng'ombe wa Mmasai. Tathmini ya mazingira inayotakiwa na sheria ya mwaka 1999 isomwe hadharani, katika baraza, kwa lugha ambayo watu wanaielewa, kabla ya kibali kutolewa. Kiwanda kinachoficha bomba lake la maji machafu hakina haja ya kuulizwa swali la tano.

Kaunti hizi zina udongo, mvua, mito, mafundi na wanunuzi waliojipanga tayari. Hizo ni mali ambazo nchi nyingi zilianza bila kuwa nazo. Zikitumiwa kwa hesabu, huenda siku moja safu ile ya makato ya mbolea ikawa inalipa mshahara wa kijana wa nyumbani. Zikitumiwa kwa haraka na kwa dhamana za gizani, deni litabaki kwa watoto, kama la Mombasa.